Sijawahi kucheza mpira ila nataka kusaidia timu ya watoto mtaani, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa hapa Kigoma, nimelifupisha kidogo:

"Kocha habari za majukumu. Mimi ni mama wa miaka 37 naishi Gungu, nina kiduka cha vifaa vya simu pale Mwanga. Mwanangu wa kiume ana miaka 12 anacheza timu ya watoto ya mtaani, wapo kama thelathini, wanafundishwa na kijana mmoja tu na mpira wenyewe mmoja. Nataka kusaidia ila mpira sijawahi kucheza hata siku moja, hiyo kuotea (offside) mpaka leo sielewi. Watu wananishauri nianzishe akademi kabisa nitafute wafadhili, wengine wanasema mwanamke ataenda kufanya nini pale. Nianzie wapi? Na binti yangu wa miaka 9 naye analia anataka kucheza, nimruhusu?"

Dada nzuri tu, shikamoo ya mtaani kwako, na asante kwa kuuliza maana wenye swali hili ni wengi ila wanaona aibu.

Nianze na hilo la akademi nilimalize mapema. Usianzishe. Waliokushauri wanakutakia mema najua, lakini mimi nilishaanzisha moja nikiwa na miaka 26, nikachapisha jezi zina jina langu mgongoni (akili za ujana hizo), nikachora bango, nikamwalika mwenyekiti wa mtaa kuzindua. Miezi mitano ikafa. Na haikufa kwa kukosa hela, hela kidogo ilikuwepo, ilikufa kwa sababu siku ya mechi hakuna anayejua nani analeta mpira, vyeti vya watoto viko kwa nani, mwenye kiwanja kaambiwa au hajaambiwa, unasubiri watoto kumi na mmoja wanatokea wanne na wengine unaambiwa wameenda kisimani, na mimi mwanzilishi nipo pembeni na filimbi yangu na bango langu. Kumbe mtaa ule ule kulikuwa na mzee mmoja fundi baiskeli ana timu ya watoto miaka nenda rudi, haina bango, jina lenyewe watoto wanalibadilisha kila mwaka kufuata timu inayotamba Ulaya, ila ina daftari. Daftari la shule la kawaida tu. Ile timu ipo mpaka leo, na mimi niliishia kwenda kuwa msaidizi wake.

Kwahiyo we nenda kwa huyo huyo kijana anayemfundisha mwanao. Nenda siku ya kawaida ya mazoezi usiende siku ya mechi, kaa pembeni umwangalie wiki mbili hivi bila kusema kitu, alafu muulize "mdogo wangu, kitu gani kwenye hii kazi kinakuchosha?" Usimuulize anahitaji nini, maana kocha yeyote wa mchangani ukimuuliza anahitaji nini atakwambia jezi, hata kama jana kapewa jezi. Ukimuuliza kinachomchosha ndo atakwambia ukweli, kwamba anachoka kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa za wazazi, anachoka kubeba mpira na maji na koni kwenye bodaboda peke yake, anachoka mtoto akiumia ni yeye na mfuko wake. Chukua kimoja kati ya hivyo. Hapo umeshaingia kwenye mpira na kuotea bado hujui.

Mimi ningekushauri uchukue daftari. Mtu mwenye duka anaandika mali iliyoingia na iliyotoka kila siku, sasa hicho ndicho kitu ambacho timu nyingi za Kigoma hatuna na kinatugharimu vibaya sana, ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo.

Ndani ya daftari kila mtoto na ukurasa wake. Majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa (sio jina la utani, sisi tulikaa na mtoto miaka miwili tunamwita Messi hakuna anayejua jina lake mpaka siku ameteguka mkono tunafika hospitali tunaulizwa jina la mgonjwa, tunatazamana), tarehe ya kuzaliwa, shule na darasa, mzazi au mlezi na namba mbili za simu sio moja, na magonjwa. Hapo kwenye magonjwa usione noma kuuliza, pumu, kifafa, sikoseli. Mtoto mwenye sikoseli akikimbizwa jua la saa tisa bila maji na bila kupumzika unaweza kumuingiza kwenye maumivu makali sana, na mara nyingi yeye mwenyewe hasemi kwa sababu anaogopa ataachwa, kwahiyo lazima mtu mzima ajue na mzazi aende naye kliniki waulize anaruhusiwa kucheza kwa kiwango gani. Alafu kila siku ya mazoezi unaweka tiki ya nani kaja. Ile tiki itakwambia mambo mengi kuliko kocha, mtoto aliyekuwa hakosi akianza kupotea ghafla kuna kitu nyumbani, au shuleni, au hapo hapo uwanjani kuna anayemuonea.

Umri ndo sasa penyewe. Vijeba dada, hao waliozidi umri, vijeba vinaua mpira wa watoto. Mtu ana ndevu anacheza na wa miaka 13, wanamshangilia, timu inabeba mbuzi wa mashindano, na yule mtoto halali wa miaka 13 yupo benchi mwaka mzima mpaka anaacha. Na hili halijaishia mtaani, mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, ilikuwa imefuzu kabisa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizochezwa Gambia, tukaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, nafasi wakapewa Zimbabwe. Mwaka 2017 upepo ukageuka, sisi tulikuwa tumeshatolewa na Kongo Brazzaville, mchezaji wao akatakiwa kupigwa kipimo cha MRI hakutokea, wakaondolewa wao tukaingia sisi fainali za Gabon. Hicho kipimo wanapiga mfupa wa kifundo cha mkono kuangalia umeshafunga au bado, FIFA wanakitumia tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009. Sasa mtaani hatuna MRI, tuna cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, na orodha ya darasa. Wewe ukiwa na nakala hizo kwenye bahasha unakuwa mtu wa hatari kabisa siku ya mashindano, timu pinzani wakianza kelele unafungua bahasha. Na kocha wenu akitaka kuingiza mamluki wa kidato cha nne kwa sababu mechi ni ngumu we ndo unatakiwa useme hapana, watakununia, siku mbili zinaisha.

Alafu kuna hela. Wengi hawajui hili hivyo lisome vizuri. FIFA wana utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya hela ya uhamisho inakatwa na kugawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka wake wa miaka 12 mpaka 23, na kuna fidia nyingine ya malezi akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Lakini inalipwa kwa klabu ambayo mchezaji alisajiliwa nayo kihalali na kumbukumbu ipo kwenye shirikisho, hailipwi kwa kocha anayesema "yule mimi ndo nilimfundisha kupiga danadana". Kuna kijana alipita mikononi mwetu kuanzia miaka 11 mpaka 15, akaja kwenda kucheza nje, tulikuwa hatuna hata karatasi moja inayoonyesha alikuwa wetu, na klabu yenyewe ilikuwa haijasajiliwa popote. Tulipata salamu za simu na picha. Sisemi mfanye hii kazi kwa kusubiri hiyo bahati, uwezekano ni mdogo sana, watoto thelathini hao pengine hata mmoja hatofika huko, ila karatasi haina gharama.

Kusajili klabu nitapita haraka. Mkiona mmetulia, mko watu wazima wa kueleweka na mmekaa pamoja hata mwaka, mnaandika katiba fupi, muhtasari wa kikao, majina ya viongozi, mnaanzia kwa afisa michezo wa manispaa anawaelekeza fomu za msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, mkishapata usajili ndo mnaomba uanachama chama cha mpira cha wilaya. Bila hapo hamuwezi kucheza ligi daraja la nne ambayo ndo ya wilaya, wala kupanda la tatu ambayo ni ya mkoa. Ila timu ya watoto wa miaka 12 haina haraka hiyo, UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) wanacheza kupitia shule zao na mabonanza ya mtaani hayaulizi cheti cha usajili. Msianze na katiba, watu wakianza na katiba wanagombea uenyekiti kabla mpira haujanunuliwa.

Mpira mmoja kwa watoto thelathini, hili limeniuma. Kama una hela kidogo ya kuanzia usinunue jezi. Nunua mipira. Watoto thelathini na mpira mmoja maana yake kwenye saa moja na nusu kila mtoto anaugusa labda mara kumi, wale wanyonge hata mara tatu, huko sio kufundishwa mpira, ni kukimbia nyuma ya wenzako. Na ununue saizi inayotakiwa, chini ya miaka 8 ni saizi 3, miaka 8 mpaka 12 ni saizi 4, kuanzia 13 ndo saizi 5. Mipira mingi mtaani ni saizi 5 mitupu, kitoto cha miaka 9 kinapiga kinaumia dole gumba. Na kwa viwanja vyetu vya kokoto usidanganyike na ule mpira unaong'aa wa bei ya chini, ngozi inabanduka kabla mwezi haujaisha, tafuta ulioshonwa mgumu hata kama ni mmoja badala ya miwili, na mtafute fundi viatu mmoja muelewane awe anashona na kubadilisha bladda. Ikishindikana kabisa wafundishe watoto wasuke ule wa chandimu, matambara na kamba na nailoni, sio utani, mpira mdogo usiodunda unafundisha kutuliza mguu vizuri tu, wengi tuliocheza tulianzia huko.

Mwambie pia kijana (kwa upole, makocha tuna viburi) aache kuwachezesha kumi na moja kwa kumi na moja uwanja mzima. Agawe uwanja vipande, wanne kwa wanne, watano kwa watano, magoli ya mawe au ya ndala, hakuna kuotea hapo, yaani hata wewe utaelewa. Kila mtoto anaugusa mpira mara nyingi, hakuna pa kujificha, na mmalize kila zoezi wakiwa bado wana hamu. Kupanga namba, wewe beki mpaka ufe wewe straika, mtoto wa miaka 10 hapangiwi, azunguke kote mpaka golini.

Muda wa mazoezi nao una siasa zake huku kwetu. Huko Ujiji na hata Gungu watoto wengi alasiri wapo madrasa, ukiweka mazoezi saa kumi kamili umemlazimisha mtoto achague kati ya ustadhi na kocha, na atachagua ustadhi mbele ya mama yake na kukimbia kwa kocha nyuma ya mama yake, hapo tayari umezalisha ugomvi. We kama mama unaweza kufanya kitu ambacho kocha kijana hawezi, nenda kamuone ustadhi, kaa naye, mpangane. Sisi tuliongea na wa kwetu akasogeza watoto wa mpira zamu ya mapema siku mbili kwa wiki, na mwaka uliofuata yeye ndo alikuwa anakuja kuangalia mechi amekaa kwenye kiti tulichomuwekea. Ramadhani mnapunguza, mnafanya mepesi dakika arobaini karibu na magharibi basi.

Kama timu ina wakubwa pia, wale wa miaka kumi na nane kwenda juu wa Kibirizi na Katonga, kalenda yao ni mwezi. Giza wako ziwani na karabai na taa za sola wanavua dagaa, mbalamwezi wanapumzika ndo utawaona uwanjani wamejaa. Kocha mgeni kutoka Dar alikuja akawafukuza wachezaji sita kwa utoro, sita wote wavuvi, hakuna aliyemwambia aangalie mbinguni. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ndo nilishuhudia mazoezi yamejaa kuliko wakati wowote, vijana hawana pa kwenda, tukawa tunagawa zamu za uwanja. Ila hao ni watu wazima, mtoto wa miaka 12 akianza kukosa kwa sababu ya ziwa hiyo usiichukulie kama utoro, hiyo unaenda nyumbani kwao.

Mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili jipangeni nayo, na utani wa radi za Kigoma tumeuzoea ila uwanjani hakuna utani. Mkisikia ngurumo tu filimbi inapigwa, watoto wanatoka, sio chini ya mwembe, ndani ya jengo au ndani ya gari, na hamrudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo nyingine ikilia mnaanza kuhesabu upya. Kocha atasema "imebaki dakika tano tumalize", we mwenye daftari ndo unakusanya watoto.

Kuumia hivyo hivyo. Mtoto akigongwa kichwa akawa anayumba, anatapika, haelewi yuko wapi au hata anasema tu "naona nyota", hachezi tena siku hiyo hata kama ni fainali na hata kama baba yake anapiga kelele arudi, na kama anazidi kuumwa kichwa au anasinzia sinzia ni hospitali moja kwa moja. Kifundo kikiteguka barafu au maji baridi kwenye kitambaa, kifunge, kiinue, msiwaruhusu wale wazee wa kuchua na mawese ya moto siku ya kwanza, watamuongezea uvimbe. Na akianguka kifafa usimwekee kitu mdomoni, mlaze ubavu, sogeza watu.

Sasa hili la "mwanamke ataenda kufanya nini pale". Dada, Jonesia Rukyaa wa kutoka Kagera alichezesha Yanga na Simba Februari 2016, filimbi ya kati, uwanja umejaa. Jirani zetu Rwanda, Salima Mukansanga akachezesha AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) Januari 2022, mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati kwenye mashindano yale. Kwahiyo wakikuuliza wajibu hivyo alafu endelea na kazi yako. Na mimi nakwambia kwa uzoefu, timu yenye mama mmoja pale pembeni wazazi wanaleta watoto bila wasiwasi, matusi yanapungua nusu, na mtoto mwenye shida atakuja kwako sio kwa kocha.

Na kuna jambo linalotaka macho ya mtu mzima zaidi ya mmoja. Wekeni utaratibu kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, sio kocha sio mdhamini sio nani, hakuna kulala kwa kocha kisa kambi, hakuna mtoto kubebwa na mtu mmoja kwenda "kupimwa" mji mwingine. Mkisafiri mechi Kasulu au Uvinza mnakuwa wakubwa wawili kwenda juu na barua za wazazi zipo kwenye bahasha. Huyo kijana wenu anaweza kuwa mtu safi kabisa, na ndo maana utaratibu huu unamlinda na yeye. Mkiona kitu hakiko sawa kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto unapiga bure.

Matapeli pia wapo, na wanaipenda Kigoma kwa sababu tuko mbali na tuna ndoto kubwa. Tangu tuione Simba na Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Julai 2021 hapa hapa Lake Tanganyika, alafu Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, wakapanda Ligi Kuu 2023, alafu wakaja kuitoa Simba kwa penalti Aprili 2024, kila mtoto anaamini, na ni vizuri waamini. Lakini anakuja mtu na tisheti nzuri anasema ni wakala, mwanao ana kipaji, toa laki tatu ya usafiri na majaribio Dar au Uturuki. Wakala wa kweli lazima awe na leseni ya FIFA, na haruhusiwi hata kumfuata mtoto bila mzazi kukubali kwa maandishi na mpaka mtoto abakize miezi sita kufikia umri wa kusaini mkataba wa kulipwa. Na mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine kimsingi hairuhusiwi, kuna vighairi vichache sana. Kwa hiyo mwenye hadithi ya mtoto wa miaka 14 kwenda majaribio Ulaya kwa hela ya mama yake mpe soda aende. Hii sheria inagusa pia watoto wa Kirundi na Kikongo ambao tunao wengi mjini, mazoezini na bonanza wacheze kama wengine bila swali, ila siku ya kusajili rasmi kwenye shirikisho muulizeni chama cha wilaya kwanza, msije mkaandika kwamba mtoto kazaliwa Kasulu wakati kazaliwa Uvira, mtamharibia mbele.

Hela za kuendeshea. Shilingi mia tano au elfu moja kwa mwezi kwa mzazi anayeweza, na asiyeweza asiulizwe mbele ya watu, inaandikwa kwenye kurasa za nyuma za daftari na kila mwisho wa mwezi inasomwa kwa sauti wazazi wakiwepo, imeingia hii imetoka hii. Mkianza kusoma hivyo utashangaa wenye maduka wenzako wanavyoanza kuchangia wenyewe. Wanasiasa wakileta jezi zipokeeni, kipindi cha uchaguzi jezi zinashuka kama masika, ila msivae picha ya mtu kwenye kifua cha mtoto. Na kuna watu wananiuliza kuhusu ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya 4-4-2 (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, aliyepanga lazima alicheza mpira), ile ni mikopo ya kufanyia biashara na inarudishwa, msikopee njumu.

Kama baadae utanogewa ukataka kujua mpira wenyewe, kozi za ukocha zipo, ngazi ya chini ya leseni za CAF ni D alafu C, B na A, zinaendeshwa kupitia TFF (shirikisho letu la mpira) na chama cha mkoa huwa kinatangaza zikija huku, na za urefa vile vile. Hawakuulizi kama ulicheza Yanga. Ila mwaka huu tulia na daftari.

Binti yako. Mruhusu, tena kesho. Miaka 9 anacheza na wavulana wa rika lake bila tatizo lolote la mwili, tofauti za nguvu zinakuja baadae kwenye kubalehe huko, na wengi wa tunaowaona Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walianza kwa kuchanganyika na kaka zao barabarani. Kigoma Sisterz walishacheza ligi kuu ya wanawake kwahiyo sio kitu kigeni mjini kwetu. Ongea na kocha asimuweke pembeni kuokota mipira, umuulize mtoto mwenyewe anataka kuvaa nini, kama ni suruali ya traki na ushungi avae acheze, na mtafutie rafiki mmoja wa kike waende wawili maana peke yake atadumu wiki mbili tu. Viatu usinunue kwanza, raba za shule zinatosha, njumu mtaongea akimaliza mwezi wa tatu bado anaenda. Chupa ya maji ndo usisahau, na umuandike ukurasa wake.